Dawa ya kuku na maji ya muto



Tangu mashua za kwanza zitutoe Kigoma na kutufikisha Baraka mwaka wa 2005, wengi wetu tumeanza maisha tena na mifugo: kuku watano, mbuzi wawili, nguruwe. Munyama ndiye banki yetu. Ni yeye analipa minervali ya mutoto na bei ya hospitali. Ndiyo maana kuku mumoja akikohoa tu, tunakimbia famasi kununua unga wa oksitetrasiklini na kuutia mu maji ya kuku wote, hata wasio wagonjwa. Wengine wanatia kila juma, eti ugonjwa usikuje.

Tuseme wazi. Mudondo, unaomaliza kuku kwa siku chache, ni virusi. Peste ya nguruwe vilevile ni virusi. Dawa hii haiue virusi. Feza imeenda, na kuku amekufa.

Tena dawa haiishie mu tumbo. Sehemu yake kubwa inatoka na mavi na mukojo. Mvua ikinyesha, vyote vinateremuka mu mitaro, mu muto Mutambala, mpaka ziwani. Ni kule kule tunachota, tunafua, tunavua ndagala. Vijidudu vinavyokutana na dawa kidogo kidogo vinaizoea: vizaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzaana, na vinaweza kupitisha nguvu ile kwa vijidudu vya namna ingine.

Shida iko wapi? Hapa kwetu kipindupindu hakijaisha. Mugonjwa anaokolewa kwanza na maji ya chumvi na sukari, na seramu. Akizidiwa anaongezewa doksisiklini. Doksisiklini na dawa ile ya kuku ni ndugu wa tumbo moja. Kijidudu kilichozoea moja kinaweza kushinda na ingine.

Hii si hadisi. Tanzania, kule tulikokimbilia, kipindupindu kilipozuka mwaka wa 1977, tetrasiklini iligawanywa kwa wingi, hata kwa wasio wagonjwa. Miezi kama mitano tu, karibu robo tatu ya vijidudu vilivyopimwa havikusikia tena dawa. Goma, Julai 1994, kipindupindu cha kambi za wakimbizi hakikusikia tetrasiklini wala doksisiklini. Pale walikuwa ni watu, si kuku. Lakini kijidudu hakiulize dawa imetoka kwa nani. Na mwaka wa 2017 OMS iliomba wafugaji waache kupatia munyama asiye mugonjwa dawa hizi kila mara.

Basi tufanye hivi:

Moja, tuchanje kuku juu ya mudondo, kijiji chote siku moja, na tusingoje wafe.

Mbili, kuku mugeni akae peke yake majuma mawili.

Tatu, dawa itolewe na veterineri, kwa mugonjwa, mpaka siku zote ziishe. Nyama, maziwa na mayai vingoje siku zilizoandikwa kwa chupa.

Ine, mavi yalundikwe mbali na muto, yafunikwe, yaoze vizuri mbele ya kupelekwa shambani.

Wafadhili wetu, mukitupa mbuzi ao kuku, mutie na feza ya chanjo na ya veterineri mu bajeti. Munyama bila chanjo anatusukuma kwa unga ule ule. Na sisi wanamemba, kese yetu ya musaada inaweza kununulia mutu kuku mwingine. Haiwezi kumununulia dawa ya kipindupindu iliyokwisha kufa nguvu.