Ndama Aliyekosa Hewa Asicheleweshewe Dang'a

Wafugaji wa Raila na Kawangware, ndama akikwama wakati wa kuzaliwa hukosa oksijeni. Hutoka amelegea, na huchelewa kusimama na kunyonya. Hatari iko hapo, kwa sababu kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili. Ndama huzipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ambayo wengine bado huyamwaga. Utumbo wake huzipokea vizuri saa chache za mwanzo. Baada ya saa 24 haupokei tena.

Basi msingoje apate nguvu. Msafisheni pua na mdomo, msugueni kwa nyasi kavu, mlazeni kwa kifua. Mkamueni mama yake upesi: ndama wa kilo 30 apate lita 3 kwa chupa ndani ya saa 6. Asiyeweza kumeza msimlazimishe, maziwa yataingia mapafuni. Mwiteni daktari wa mifugo.