Fidia ya nyumba: fiche ya New Orleans na fiche yetu



Tutazungumzia mji wa mbali, New Orleans, kule Marekani, juu fiche tutakayopigia kura mwezi ujao inafanana sana na ya kule. Mutaona.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga pale. Wengi wanadhani upepo njo uliua mji. Hapana. Kuta za kuzuia maji, zilizojengwa na wahandisi wa jeshi, zilibomoka, na zingine zilibomoka maji hayajafika hata kwenye kimo zilichopaswa kuzuia. Karibu asilimia 80 ya mji iliingia maji, watu zaidi ya elfu moja wakafa. Amri ya kuhama ilitoka siku moja mbele, lakini asiye na gari angehama na nini? Wasio na gari wengi wao walikuwa weusi. Siye wa Goma hatuhitaji kufasiriwa: Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, pesa ya Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano ilikuwa imekwisha tangu 2020. Na amri ya kuhama ilipotoka, wengi walienda Sake kwa miguu.

Lakini neno letu la leo ni la kurudi. Kule waliweka programu ya mabilioni ya dola, jina lake Road Home, ni kusema njia ya kurudi nyumbani. Walilinganisha bei ya nyumba yako mbele ya maji na gharama ya kuitengeneza, wakafuata ile ndogo. Inaonekana haki, eh? Sasa tuseme nyumba ni mbili, mbao ileile, misumari ileile. Moja iko kartie ya wazungu, ingine kartie ya weusi. Ya weusi bei yake iko chini, juu miaka mingi mabenki yalikataa kukopesha kule. Basi mweusi akapata kidogo, na muuza mbao hakumpunguzia kitu. Hakuna aliyeandika «weusi wapunguziwe». Hesabu njo ilifanya ile kazi. Walipeleka shauri tribinali 2008, wakasikilizana 2011, pesa ikaongezwa. Lakini kufika 2010 mji ulikuwa umetoka watu 484,000 na zaidi mpaka karibu 344,000, na weusi njo walipungua zaidi.

Halafu karatasi. Nyumba nyingi za weusi zilikuwa za urithi, zimebaki kwa jina la babu aliyekufa zamani. Mjukuu anaishi ndani, lakini hana hati, basi hana msaada.

Tugeukie fiche yetu. Inauliza «bei ya nyumba iliyoharibika», tena inadai karatasi ya parsele. Nani kati yetu alikimbia na karatasi? Mjane anayeishi kwa parsele ya baba mkwe ataleta nini?

Tunapendekeza msaada uhesabiwe kwa mabati na mbao zinazohitajika leo, na asiye na karatasi alete majirani watatu pamoja na shefu wa avenue. Wanaosema wezi watapitia hapo hawakosei kabisa, njo maana mashahidi watatia sahihi, na majina yatabandikwa wiki mbili mbele ya kugawa. Wafadhili wataweza kuyasoma pia.

Fiche zote mbili, ya zamani na hii, ziko kwa sekretari.