Bunduki na Kiti cha Mazungumzo

 

Nimeombwa niseme namna gani wakubwa wanapata mamlaka. Nianze na swali la kijana mmoja. Katika mkutano wa kijiji nilikuwa nimemaliza kueleza ubaya wa vikundi vya silaha. Akasimama: "Kaka, mimi ninalima, hakuna aliyeniita kwenye mazungumzo. Jirani yangu aliingia msituni, leo ni kapiteni. Kati yetu, mjinga ni nani?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu.

Tuangalie tulikotoka. Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 yalizaa serikali ya mpito ya 2003: rais mmoja na makamu wanne. Makamu wawili, Jean-Pierre Bemba wa MLC na Azarias Ruberwa wa RCD, walitoka katika vikundi vya waasi. Mmoja alitoka upande wa serikali. Upinzani wote usio na silaha ulipata kiti kimoja. Sisemi yalikuwa mapatano mabaya. Yaliunganisha nchi iliyokatwa vipande, yakatufikisha kwenye uchaguzi wa 2006. Lakini walio msituni walijifunza hesabu ile.

Tarehe 23 Machi 2009 CNDP ilisaini na serikali hapa Goma, askari wake wakaingizwa jeshini. Mwaka 2012 baadhi yao waliasi, wakisema mapatano hayakutekelezwa. Wakajiita M23, jina la tarehe ile ile. Goma ilianguka Novemba 2012, na tena Januari 2025. Mnayajua kuliko mimi, ninyi mliolala na watoto chini ya vitanda.

Na wakubwa wa dunia? Mpatanishi anakuja na haraka yake. Anauliza nani anaweza kusimamisha risasi, na jibu ni yule anayezipiga. Basi huyo anapewa tiketi ya ndege, hoteli na kamera. Nchi za kigeni nazo zina mahitaji yao: Washington, tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini mapatano ya amani, na habari ya madini haikuwa mbali na meza ile.

Mwaka 2021 serikali iliunda programu mpya ya kuwarudisha wapiganaji katika jamii zao, si kuwagawia vyeo jeshini. Wazo hilo ninaliunga mkono. Lakini anayerudi bila bunduki anahitaji shamba na watu watakaomsikiliza, na mambo hayo hayatoki Kinshasa peke yake. Mashamba mengi yanagawanywa na ninyi, viongozi wa kimila.

Kijana yule bado analima. Nimemwahidi kurudi baada ya mavuno, na sitaki kwenda peke yangu. Nahitaji mwami mmoja na mama mmoja. Nani atakuja nami?