Amri ya mkuu wa kituo

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa bungeni Dodoma mwaka 2015. Tangu hapo mkuu wa kituo cha polisi, akiridhika kwamba zipo sababu, anaweza kuamuru askari waingie kwa mtu, wapekue na kuondoka na simu au kompyuta.

Hakimu hahitajiki. Hapo ndipo penye utata.

Desemba 2016 polisi jijini Dar es Salaam walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, wakapekua na ofisi. Walitaka taarifa za watu walioandika bila kujitambulisha, yeye akagoma. Kesi zilisuasua katika mahakama ya Kisutu, hadi Aprili 2020 akatiwa hatiani katika mojawapo na kutozwa faini ya shilingi milioni 3.

Serikali husema uzushi wa mtandaoni huumiza watu, na ni kweli. Lakini mkulima wa zabibu wa Makutupora, Dodoma, anayelalamikia bei huko mtandaoni ana simu moja tu, yenye pesa zake, namba za wanunuzi na picha za watoto. Ikichukuliwa kwa uchunguzi, adhabu imeshaanza kabla ya shtaka. Bunge liko jirani yake. Lingeweza kukifanyia marekebisho kifungu kinachompa mkuu wa kituo mamlaka hayo, upekuzi usubiri saini ya hakimu.