Kufuli Bila Muhuri Halitoshi



Kutoka Kagerankanda hadi Kasulu mjini, na kutoka hapo hadi kwenu wafadhili, taarifa za michango ya vikundi hupita kwenye mitandao ambayo si yetu. Wengi wetu huridhika tukisikia kwamba zimesimbwa, yaani zimegeuzwa fumbo linalosomwa na mwenye ufunguo tu. Leo tunapenda kuwaeleza kwa nini hiyo ni nusu ya kazi.

Kusimba huficha ujumbe, lakini peke yake hakuzuii kubadilishwa kwake. Katika maandishi ya kompyuta, tarakimu 1 na 9 hutofautiana kwa biti moja tu. Usimbaji ukiwa wa aina inayoficha biti moja moja, mtu asiye na ufunguo, akijua kiasi kimeandikwa wapi, anaweza kuigeuza biti hiyo. Sh. 100,000/= zilizotumwa zitasomeka 900,000/=, na mhazini hataona dalili yoyote.

Jambo hili limethibitishwa. Mwaka 2018 watafiti wa Bochum, Ujerumani, na wenzao wa Abu Dhabi walionyesha kwamba data za watumiaji wa 4G zilisimbwa bila kinga dhidi ya kubadilishwa. Waligeuza anwani ndani ya ujumbe uliosimbwa, simu ikapelekwa kwenye tovuti ya bandia.

Dawa yake ni muhuri wa uthibitisho. Mtumaji na mpokeaji huwa na ufunguo wa pili wa siri. Programu huuchanganya na ujumbe mzima na kutoa alama fupi inayosafiri pamoja nao. Mpokeaji naye hukokotoa alama yake. Hata herufi moja ikibadilika, alama hazitalingana na ujumbe utakataliwa. Njia inayotumika sana, HMAC, ilitolewa mwaka 1996 na Bellare, Canetti na Krawczyk.

Basi, anayewaletea programu mwulizeni mambo matatu. Je, ina muhuri huo? Je, muhuri hupigwa juu ya ujumbe uliokwisha kusimbwa, na hukaguliwa kabla ya kuufumbua? Je, kila ujumbe una namba yake, ili taarifa ya zamani isirudishwe kama mpya?

Muhuri hausahihishi hesabu iliyokosewa kijijini. Daftari na sahihi za wanakamati bado zinahitajika. Lakini hutuhakikishia kwamba kilichotumwa kutoka Kagerankanda ndicho alichokisoma mfadhili.