Mpira mmoja, watoto themanini

Mazungumzo na walimu wa kujitolea, wazazi na viongozi wa vijana katika kambi ya mapokezi, Rubavu

Nimeombwa niseme Kiswahili kwa sababu waliotoka Masisi, Rutshuru na Goma wote wanakisikia. Atakayependa kuuliza kwa Kinyarwanda aulize tu, tutatafsiriana.

Jambo lililotuleta hapa kila mmoja wenu ameliona. Watoto wakitoka darasani mchana, wavulana wakubwa kumi au kumi na wawili wanauchukua mpira na kushika uwanja. Wadogo wanasimama pembeni kuangalia. Wasichana wanabeba bidoni kwenda kwenye maji. Waliobaki wanashuka hadi barabara ya lami iendayo Musanze na kucheza ukingoni, malori yakipita. Hatuwezi kuwakemea watoto hao ikiwa sisi wakubwa hatukuwapa mahali wala mchezo.

Wiki iliyopita mama mmoja alisema: "Mwanangu amepoteza mwaka mzima wa shule. Nimemleta asome, ninyi mnamrusha kamba." Mama, neno lako ni zito, nami sitalipita. Lakini elimu ya mwili ni somo, kama hesabu. Mtaala wa Rwanda uliotolewa mwaka 2015, ambao watoto wetu wanaoingia shule za hapa wanaufuata, unalo somo la michezo tangu shule ya msingi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unamhakikishia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kutumia mwili kwa nguvu. Kubeba maji kunatumia mwili, ni kweli. Lakini msichana aliyebeba bidoni ya lita ishirini mara tatu hajacheza. Amefanya kazi.

Na nisiwadanganye upande wa pili. Wapo wanaosema mchezo unaponya moyo wa mtoto aliyeona vita. Mpira si dawa. Mtoto anayelala akipiga kelele, asiyekula, au asiyesema na mtu, apelekwe kwa wahudumu wa afya na wa ulinzi wa watoto. Mchezo unatusaidia kwa njia nyingine: mwalimu anamwona mtoto huyo. Darasani watoto themanini wote wamekaa kimya, hujui nani anaumia. Uwanjani, yule anayejificha nyuma ya hema siku tatu mfululizo anaonekana.

Namba hiyo ya themanini sikuitunga. Wazee mnakumbuka Julai 1994, watu wengi mno walivyovuka mpaka huu wa Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kilichofuata. Wakati huo mashirika ya UNESCO na UNICEF yalileta Rwanda sanduku la dharura la mwalimu, lililokuwa limetengenezwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya Somalia. Ndani mlikuwa na chaki, mbao ndogo za kuandikia, madaftari, na vitambaa vyenye alfabeti na namba. Sanduku moja lilikuwa la mwalimu mmoja na watoto 80: arobaini asubuhi, arobaini mchana. Shule za msingi za Rwanda zilifunguliwa tena Septemba 1994, nyingi zikiwa na vifaa vya namna hiyo na vingine vichache sana.

UNICEF wanalo pia sanduku la michezo. Lina mipira ya aina kadhaa, fulana za rangi za kutenganisha timu, kipenga, utepe wa kupimia na chaki ya kuchora uwanja. Likija, tutashukuru. Lakini nimeona katika kambi zaidi ya moja sanduku likifungiwa stoo "lisiharibike", ufunguo mfukoni mwa mtu, na mtu huyo yuko safarini. Mpira uliofungiwa hadi ukaisha upepo haukumsaidia mtoto yeyote. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya vitu ambavyo havihitaji ufunguo.

Kwanza mpira wenyewe. Watoto wa Goma wanajua kuufunga kwa sashe, mifuko ile ya plastiki. Hapa Rwanda mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2008, na hata ungetaka huipati. Watoto wa Rwanda wanatumia majani makavu ya mgomba, na kwa maoni yangu mpira wao ni bora. Chukueni kitambaa kikuukuu, soksi iliyochakaa, au majani yenyewe yaliyofinyangwa sana, yawe kiini. Zungusheni majani makavu tabaka kwa tabaka, kila tabaka mkilikandamiza kwa kiganja. Kisha fungeni kwa kamba za maganda ya mgomba zilizoloweshwa kidogo. Mkifunga kwa mtindo wa wavu, mafundo yakiwa karibu karibu, mpira utakaa muda mrefu. Usiachwe mvuani, maana unanyonya maji, unakuwa mzito kama jiwe na kuumiza vidole.

Ukubwa nao una maana. Mpira rasmi wa watu wazima una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Huo si wa mtoto wa darasa la pili. Wafungieni wadogo mpira mdogo na mwepesi, nao watajifunza kupiga na kudaka bila woga. Kwa kazi ya kurushiana, soksi iliyojazwa nguo inatosha, na haimwumizi mtu hata ikimpiga usoni.

Kila mtoto wa darasa la nne anaweza kufunga mpira wake. Lifanyeni kuwa somo la kwanza. Watoto arobaini wakifunga mipira ishirini, ule ugomvi wa mpira mmoja umepungua siku hiyo hiyo.

Sasa juu ya nafasi. Wengi wenu mnanieleza kwamba uwanja hakuna. Kwa mpira wa miguu wa watu kumi na mmoja, ni kweli hakuna. Lakini hebu tazameni jinsi mchezo huo unavyofanya kazi: watoto ishirini na wawili, mpira mmoja, na mtoto wa pembeni anagusa mpira mara mbili kwa nusu saa. Gawanyeni kiwanja hicho hicho katika vipande vinne kwa majivu au kwa kamba. Kila kipande wawekeni watoto kumi, watano kwa watano, milango miwili ya mawe, bila golikipa. Watoto arobaini wamecheza kwa pamoja, na kila mmoja ametoka jasho. Wale arobaini wengine ni zamu ya mchana.

Ipo pia michezo isiyotaka mpira wa miguu kabisa. Tanzania wasichana wanacheza rede, Zanzibar wanaita nage, Kenya kati. Wawili wanasimama kila upande na kurushiana mpira laini, aliye katikati anaukwepa. Katika rede, huyo wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa, na chupa ikijaa ameshinda. Chupa tunazo, na udongo wa volkano hapa hauishi. Mchezo huu unafundisha jicho, mguu na kuhesabu, tena unachukua nafasi isiyozidi ya mahema mawili.

Upo na nzango. Akina mama mnacheka, maana mnaujua. Wanawake na wasichana wa Kinshasa na wa Brazzaville wameucheza miaka mingi katika nyua za shule, na leo unachezwa hata katika mashindano yenye waamuzi. Timu mbili zinasimama kwa mistari, zikitazamana. Mmoja wa kila upande anatoka mbele, wanaruka na kupiga makofi kwa mdundo wa wimbo, na mwishoni kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Timu moja imechagua kupata alama miguu ikilingana, nyingine ikitofautiana. Hauhitaji kitu chochote, hata kamba. Na ukimwona msichana akicheza nzango dakika kumi, hutasema tena kwamba mchezo wa wasichana ni wa kukaa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wazazi wa wasichana, na hapa nitasema bila kuzunguka. Mwalimu anaweza kuweka kipindi cha nzango saa nne asubuhi, lakini kama msichana ameagizwa maji saa nne, kipindi hicho ni cha wavulana. Foleni ya maji igawanywe nyumbani. Kaka yake ana mikono. Baba mmoja ameniambia kwamba mvulana akibeba bidoni atachekwa. Achekwe siku mbili, siku ya tatu watakuwa wamezoea. Wasichana wakubwa nao wanahitaji mahali pa faragha pa kujisafisha baada ya michezo, na mwalimu wa kike awepo. Pasipokuwa na hayo mawili hawatakuja, hata mkiwaita kwa kipenga.

Juu ya kuruka, waliosoma shule za Rwanda wanajua gusimbuka. Mwaka 1907 mtawala mdogo wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alifika Nyanza kwa Mfalme Musinga na kupiga picha za vijana wakiruka juu ya kamba iliyopita vichwa vya watu. Walirukia kutoka kwenye kinundu kidogo cha ardhi. Dunia ilistaajabu, maana rekodi rasmi ya kwanza ya dunia, ya Mmarekani George Horine mwaka 1912, ilikuwa mita 2.00. Sisi hatutafuti rekodi. Kamba ishikwe na watoto wawili kwa mikono bila kufungwa popote, ili mguu ukinasa iachiliwe. Anzeni kwenye goti, na watue mahali palipolimwa na kulainishwa. Mawe ya volkano ya huku yanakata kama kisu. Kabla ya kipindi chochote, watoto wapangwe mstari mmoja, watembee uwanja mzima wakiokota mawe na vigae. Hayo ndiyo mazoezi ya kupasha mwili, na uwanja unasafishwa.

Lakini chuma kisiokotwe. Januari 2025, vita vilipofika Goma, risasi na makombora yalivuka mpaka na kuua watu hapa Rubavu. Mtoto akiona chuma asichokijua asikiguse, asikirushie jiwe. Arudi kwa njia aliyojia na kumwambia mkubwa, na mkubwa awaarifu polisi au wasimamizi wa kambi. Mwalimu alirudie neno hili kila wiki, hata watoto wakichoka kulisikia.

Kuna swali la chakula, najua mtaliuliza. Mtoto ambaye hajala tangu jana asikimbizwe. Waulizeni kabla ya kuanza, kwa upole na si mbele ya wote. Michezo ya kukimbia iwekwe asubuhi kabla jua halijawa kali, na maji safi yawepo karibu. Asiye na nguvu siku hiyo apewe kazi ya kuhesabu alama au kupiga makofi ya mdundo, na kama hali yake inaendelea, kituo cha afya kijulishwe.

Na mtoto mwenye ulemavu msimpe kipenga kila siku mkaona mmemaliza. Anayetembea kwa mkongojo anaweza kurusha katika rede akiwa amekaa. Asiyeona anaweza kukimbia ameshika kamba moja na mwenzake, na mpira wa majani ukiwekwa kokoto ndani ya kopo katikati unasikika ukiviringika. Muulizeni yeye mwenyewe anataka kucheza nini. Mara nyingi ameshapata njia kabla yetu.

Mwisho, waamuzi. Mtoto aliyetoka mahali palipoamuliwa kwa bunduki anatazama sana ni nani anayeamua. Timu zisipangwe kwa kijiji wala kwa lugha ya nyumbani. Zipangwe kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, na zibadilishwe kila wiki. Mwamuzi awe mtoto, kwa zamu, wavulana na wasichana. Akikosea, wenzake wamweleze, mchezo uendelee.

Jumatano ijayo saa tatu asubuhi tutafunga mipira pamoja, hapa hapa chini ya shitingi. Kila mwalimu aje na watoto wanne, wawili wakiwa wasichana. Leteni majani makavu ya mgomba na nguo zisizofaa tena. Kamba tutagawa. Wavulana wale wenye mpira wa ngozi waje nao pia. Tutaujaza upepo, na utaandikwa kwenye daftari: nani ameuchukua, saa ngapi, na nani anaufuata.