Mtu bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii, wasikilizaji wapenzi, tujiulize: na binadamu je?

Mwezi Septemba mwaka 1538 Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia ya Uingereza iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Kila Jumapili kasisi aliandika mbele ya mzee wa kanisa, kisha daftari likafungiwa katika sanduku la kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa kwa kasisi, mwingine kwa wazee. Ndiyo kusema, hakuna aliyeaminiwa peke yake.

Wanavijiji walinung'unika. Walisema hiyo ni hila ya kutafuta kodi, na hawakuwa wajinga. Mwaka 1783 serikali ilitoza kweli peni tatu kwa kila jina lililoandikwa, maskini hohehahe tu wakisamehewa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1794.

Uvivu nao ulikuwa na hasara yake. Mwaka 1598 iliamriwa madaftari ya karatasi yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia mwaka 1558. Makasisi wengi walilishika neno hilo "hasa", wakaacha miaka 20 ya mwanzo. Maelfu ya watu wakapotea kwa neno moja.

Sasa twende katika kijiji cha Eyam, huko Derbyshire. Tauni iliingia Septemba 1665. Kasisi William Mompesson, pamoja na Thomas Stanley aliyemtangulia, waliwashawishi watu wasivuke mipaka ya kijiji wasije wakawaambukiza jirani. Chakula kiliachwa mpakani, na sarafu za malipo zikatiwa katika siki. Kwa hesabu iliyozoeleka, watu wapatao 260 walikufa. Agosti 1666 Mompesson alimzika mkewe, Catherine. Mwezi huohuo Elizabeth Hancock alifiwa na mume na watoto sita katika siku nane, na inasimuliwa kwamba aliwazika kwa mikono yake mwenyewe.

Hawa hawakuwa mabwana wala mashujaa wa vita. Vitabu vya wafalme visingewataja. Aliyewataja ni mwandishi wa daftari: jina na siku, basi. Kwa mistari hiyo mifupi, leo tunajua ni nyumba ipi ilibaki tupu na ni nani aliyeachwa kulia.

Serikali huagiza daftari kwa faida yake: kodi, urithi, hesabu ya watu. Lakini kitukuu anapolifungua hatafuti kodi. Anatafuta watu wake, na hawezi kumwona yule ambaye karani hakumwandika.

Kwa hiyo, msikilizaji, siku ukienda kumwandikisha mtoto au kutoa taarifa ya msiba, usiharakishe kuondoka. Lisome jina hilo herufi kwa herufi. Likikosewa, omba lisahihishwe papo hapo, maana atakayelitafuta baadaye huenda asiwe na wa kumuuliza.